Eda ya saa moja

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Ijumaa iliyopita alikuja kwangu na karatasi tatu za fotokopi zilizokunjwa ndani ya daftari, akasema, "Shikamoo Bibi, nina zoezi la Jumatatu." Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza tu nikaijua: hadithi ya kidani, ya Mfaransa Guy de Maupassant. Chini yake mwalimu wao ameweka maswali manne, na la tatu linawataka waeleze jinsi tamaa ya mwanamke ilivyoiangamiza familia yake. Mtoto alikwishaanza kujibu kwa penseli. Ameanza na methali: tamaa mbele, mauti nyuma.

Sikuweza kumlaumu mwalimu wake, kwa sababu swali hilo nilikwishalitunga mimi. Miaka thelathini na kitu iliyopita, nikifundisha sekondari moja ya wasichana huku kwetu Tanga, niliuliza hivyo hivyo, karibu neno kwa neno, na majibu nilikuwa nayo nyuma ya kitabu cha mwalimu. Hadithi haikuwa kwenye mtaala. Nilikuwa na nakala moja tu, nikawasomea kwa sauti vipindi viwili vya Alhamisi, kisha nikaandika maswali ubaoni. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona wazo la kuazima lilikuwa la mume?" Nikamwambia asome swali vizuri. Mtihani wa muhula ulipofika akaliandika jambo lile lile, kurasa mbili nzima, kwa mwandiko wa kupendeza, nami nikampa alama 2 kati ya 10. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba ametoka nje ya swali.

Nataka leo nimrudishie alama zake nane.

Hadithi yenyewe ilitoka kwanza gazetini, katika Le Gaulois la Paris, tarehe 17 Februari 1884. Ni ya gazeti kama makala hii. Bila shaka kuna aliyeisoma asubuhi na jioni akafungia samaki. Mathilde Loisel ni binti mzuri wa watu wa kawaida, hana mahari, maana kule Ufaransa mahari ilitoka upande wa bibi arusi. Basi akaolewa na karani mdogo wa Wizara ya Elimu. Anachukia viti vyake vilivyochakaa, mapazia yake, kuta zake. Mpaka hapo kitabu cha mwalimu kina haki yake: tamaa ipo, na Maupassant hakuificha. Lakini fuateni hesabu.

Mume analeta kadi ya mwaliko wa dhifa kwa Waziri. Mke analia hana nguo. Mume anazo faranga 400 alizoweka kando anunue bunduki, aende na rafiki zake kuwinda ndege Jumapili za kiangazi huko Nanterre. Anazitoa, roho inamuuma. Katika miaka yote niliyosahihisha hadithi ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniandikia kwamba bunduki ni tamaa. Bunduki ni mapumziko ya mwanamume. Gauni ndilo tamaa.

Gauni likapatikana, vito hakuna. Mume anashauri maua, waridi mbili tatu kwa faranga 10. Mke hataki. Hapo mume anapaza sauti, anamwita mjinga: si uende kwa rafiki yako Bi Forestier akuazime! Limeandikwa wazi kabisa, na yule msichana wa dawati la nyuma alilisikia mara moja tu, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Kidani kikapotea usiku ule ule wa dhifa, walipokuwa wakirudi saa kumi alfajiri kwa gari la farasi lililochakaa. Mume akatoka kukitafuta kwa miguu mpaka saa moja asubuhi, akaenda polisi, akaenda kwenye magazeti kutoa tangazo. Alipokosa, akamwambia mkewe amwandikie rafiki yake barua, aseme kifungo cha kidani kimevunjika na kimepelekwa kwa fundi. Mke aliandika huku mume akimtajia maneno. Uongo ulioigharimu nyumba ile miaka 10 ulitungwa na bwana. Siku hiyo mke ndiye aliyekuwa karani.

Kidani kipya kiligharimu faranga 36,000. Nusu ilikuwa urithi wa mume kutoka kwa baba yake, nusu akakopa, kwa huyu elfu, kwa yule mia tano, akitia sahihi karatasi za kila mkopeshaji bila kujua kama ataweza kuzilipa.

Niliwahi kuisimulia hadithi hii kwa Kiswahili kwa kina mama wa upatu wetu hapa Makorora. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, tukishahesabu fedha hunywa chai, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu nisiye na habari mpya, huwa natakiwa nitoe hadithi. Nilipofika kwenye mikopo ya Loisel, mmoja akaguna. "Mwalimu, hiyo ni kausha damu." Pakawa kimya kidogo, maana tunajuana, na pale ukumbini si mmoja wala wawili waliokuwa wakilipa marejesho ya kila siku kwa watu wa pikipiki.

Kuna mwenzetu ambaye hukodisha dhahabu za harusi. Ana kisanduku, ana mizani ndogo ya sonara, ana daftari. Ukichukua mkufu kwake anakupiga picha ukiwa umeuvaa, na ukiurudisha anaupima mbele yako, kisha anapitisha kila kipande kati ya vidole viwili kama anayechambua mchele. Yeye aliniuliza swali moja: "Yule rafiki, alipoletewa kile kidani kipya, alifungua kisanduku?" Nikamwambia hapana. Maupassant anasema hivyo hasa, kwamba Bi Forestier alinung'unika amecheleweshewa mali yake lakini hakufungua, jambo ambalo Mathilde alikuwa ameliogopa. Mwenzetu akaweka kikombe chini. "Basi anajua alichotoa. Mwenye dhahabu ya kweli haipokei bila kuitazama."

Wasiojua mwisho wa hadithi wataniwia radhi: kidani cha kwanza kilikuwa bandia, thamani yake isingezidi faranga 500. Nimeifundisha hadithi ile miaka mingi na sikuwahi kuona kwamba siri ilikuwa imelala pale, kwenye kisanduku kisichofunguliwa. Kitabu cha mwalimu hakikuwa na swali juu ya Bi Forestier hata moja. Alimwacha shoga yake atoke na kitu cha uongo akidhani ni almasi, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakusema.

Kuhusu ile miaka 10, kitabu kiliita adhabu. Mathilde alimwachisha kazi msichana wa ndani, akahamia chumba cha juu darini, akasugua masufuria mpaka kucha zikakatika, akapanda ngazi na ndoo ya maji akipumzika kila ghorofa, akabishana na muuza mboga mpaka senti ya mwisho, na deni likalipwa lote pamoja na riba. Kina mama wangu walisikiliza orodha hiyo wakisubiri adhabu ianze.

Sisemi Maupassant ni msafi. Mwanzoni mwa hadithi anatoa hukumu ya jumla kwamba wanawake hawana tabaka wala nasaba, uzuri wao ndio ukoo wao, kana kwamba wote wametoka kiwanda kimoja. Hilo ni lake, na ndilo walimu tuliloling'ang'ania. Lakini mkono huo huo ndio ulioandika habari za bunduki, na barua iliyotajwa maneno, na kisanduku. Mtunzi mzuri huona zaidi ya anavyoamini. Sisi tuliosoma baada yake tukachukua alichoamini, tukaacha alichoona.

Sasa nije kwenye hadithi iliyonifanya niandike. Hii inanihusu mimi, na sijawahi kuisema hadharani.

Mume wangu alifariki Machi 2009, masika yakiwa karibu kuanza. Alikuwa mtu mwema. Watu husema hivyo kuhusu marehemu wote, lakini mimi nasema kwa kuwa nilikaa naye miaka 26: hakuwahi kuniinulia mkono, mshahara wangu hakuugusa, na nilipopata uhamisho aliufuata uhamisho wangu. Ila alikuwa na redio. Alfajiri akirudi msikitini aliiwasha, na haikuzimwa mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku iishe. Mawaidha, matangazo ya vifo, mpira, taarabu, kila kitu. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ndani ya redio ile, nikipika ndani yake. Sikuwahi kumwomba aizime. Haikunijia kwamba ni jambo la kuombwa.

Nikaingia eda. Kwa wasioijua, kwetu Waislamu mjane hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajifukizi. Mashemeji waliiacha redio ikiwaka, wakiona ni heshima kwa kaka yao. Wiki ya tatu, asubuhi moja, betri zikaisha. Kijana wangu akataka kwenda dukani. Nikamwambia, acha kwanza.

Nikasikia kunguru wakitembea juu ya bati. Jirani akikwangua ukoko wa sufuria. Mtu wa mkate akipita na baiskeli, akipuliza honi yake. Vyote hivyo vilikuwapo miaka 26 na sikuwa nimevisikia. Kifuani mwangu kikafunguka kitu, kama dirisha lililovimba kwa mvua linapokubali kufunguka, na nikatambua kwamba lile nililokuwa nalisikia pamoja na msiba lilikuwa nafuu. Niliogopa sana. Nikavuta kanga usoni, nikalia, na wifi yangu aliyekuwa mlangoni akasema, "Masikini, amemkumbuka."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemkumbuka. Lakini nusu ya habari ilibaki chini ya kanga.

Miaka miwili baadaye, katika sanduku la vitabu vya msaada vilivyoletwa shuleni, nikakuta hadithi ya Mmarekani Kate Chopin, aliyoiandika mwaka 1894 na ikachapwa mwaka huo huo katika jarida la Vogue. Kwa Kiingereza jina lake ni "The Story of an Hour". Ni fupi mno, kama maneno elfu moja, unaimaliza chai haijapoa. Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo. Inakuja habari kwamba mumewe Brently amekufa katika ajali ya treni. Analia mikononi mwa dada yake, kisha anapanda chumbani peke yake, anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha. Nje kuna miti inayochipua, harufu ya mvua, mchuuzi anayenadi bidhaa zake, shomoro kwenye paa. Nilipofika kwa shomoro nikafunga kitabu, nikaenda kusimama varandani.

Niliporudi nikakuta lile nililolitarajia. Kinamjia kitu, anajaribu kukisukuma, hakisukumiki, na anaanza kunong'ona kwamba yuko huru. Brently hakuwa mume mbaya. Chopin amehakikisha hilo, uso wake haukuwahi kumtazama mkewe ila kwa mapenzi. Na mke alimpenda, siku nyingine. Kosa la Brently halipo. Kilichopo ni kwamba utashi mmoja ulikuwa umeukalia mwingine, kwa wema kabisa, kama redio.

Kisha Brently anafungua mlango na ufunguo wake, ana mkoba na mwavuli, hata habari za ajali hana. Louise anaanguka na kufa. Nimezoea kuiita hadithi hiyo eda ya saa moja, kwa sababu ndio muda wote aliopata. Madaktari wakaja, wakatamka kwamba moyo wake dhaifu haukuhimili furaha ya kumwona mume. Msomaji peke yake ndiye anayejua, kwa kuwa yeye alikuwa chumbani.

Chopin hakubahatisha. Alizaliwa St. Louis mwaka 1850. Baba yake alikufa mwaka 1855 treni ilipoanguka na daraja, naye akalelewa katika nyumba ya wajane, mama, bibi na mama wa bibi. Mwaka 1882 mumewe Oscar akafa kwa malaria huko Louisiana, akamwachia watoto sita na madeni. Mwanamke huyo alijua chumba cha mjane kinavyosikika mlango ukishafungwa.

Nimeanza kuiangalia ile kauli ya madaktari kama cheti, na tangu hapo naviona vyeti kila mahali katika hadithi za karne ile. Kila mara kuna mwanamke mmoja na kuna mtu mwenye elimu pembeni yake, anaandika amepatwa na nini. Mwaka 1892 Charlotte Perkins Gilman alitoa "The Yellow Wallpaper". Mwanamke amejifungua karibuni, mawazo yamemlemea, na mumewe ambaye ni daktari ameandika cheti: uchovu wa neva, apumzike, asiandike. Anamweka chumba cha juu chenye nondo madirishani na karatasi ya manjano ukutani. Mke anaikodolea karatasi ile mpaka anaona mwanamke anatambaa nyuma ya michoro. Gilman mwenyewe alikuwa ametibiwa hivyo mwaka 1887 kwa Dkt. S. Weir Mitchell wa Philadelphia, akarudishwa nyumbani na amri ya kuishi maisha ya ndani kadiri awezavyo na asiguse kalamu tena maisha yake yote. Karibu apoteze akili. Akaiacha amri, akashika kalamu. Kwetu mzazi hukaa arobaini, na arobaini nayo ina adha zake, kama uji wa pilipili manga unaochoma mpaka masikioni. Lakini husikii mzazi ameachwa peke yake na ukuta. Anakuwapo mkunga, anakuwapo mama, anakuwapo jirani asiyekoma kusema. Yule wa Gilman alinyimwa hata mtu wa kumkera.

Nathaniel Hawthorne alikuwa ameliona jambo hilo nusu karne kabla, mwaka 1843, katika "The Birth-Mark". Mwanasayansi Aylmer ana mke, Georgiana, mzuri wa kupigiwa mfano, ana alama ndogo shavuni yenye umbo la mkono. Wanaume waliomtaka zamani waliiona alama ile ni baraka ya majini wema. Mume akiisha kuoa anaiona kasoro, haimtoki machoni, mpaka mke naye anaanza kujichukia. Anampikia dawa. Alama inafifia, inafifia, ikitoweka na mke roho imetoka. Hiyo sikuhitaji kuwaeleza kina mama wa upatu. Niliposema tu "akampa dawa anywe ngozi iwe safi", watatu wakasema kwa pamoja, "Mkorogo." Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku miaka mingi na bado unazikuta sokoni zimefunikwa kwa gazeti.

Kuna watakaosema Mwalimu amezeeka sasa, anataka kila mwanamke wa hadithini awe malaika. Sitaki. Anton Chekhov alichapisha mwaka 1899 hadithi ya Olenka, mwanamke asiye na rai yake hata moja. Ameolewa na mwenye jumba la tamthilia, anazungumza tamthilia; akifa, anaolewa na muuza mbao, anaota mbao; akifa huyo, anakuwa na daktari wa mifugo, anazungumza magonjwa ya ng'ombe. Tolstoy aliipenda kupita kiasi, akamwona Olenka kuwa kielelezo cha mwanamke alivyoumbwa awe. Mimi namwona kuwa ni mtu ninayemjua, na siku nyingine nimemwona kwenye kioo. Wanawake wana tamaa, wana uongo, wana ujinga wao. Ninalolalamikia ni jinsi tunavyogawa majina ya makosa hayo.

Na ushahidi wangu uko hapa hapa pwani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapa London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja, na ndani yake imo ile ya Sultan Darai. Bibi yangu alitusimulia Pangani bila kitabu. Maskini mmoja anachakura jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa anasema, ana akili, anamtafutia mke binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, anampa bwana wake nyumba na mali. Siku paa anaugua, bwana anaona taabu kumtazama. Anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mke ndiye anayemlilia paa, anampelekea chakula chema, anamwambia mumewe kwamba hivyo sivyo. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Asubuhi mke anaamka yuko kwa baba yake, na mume anaamka jaani anachakura.

Utoto mzima nilifundishwa mafunzo ya hadithi ile: binadamu hana shukrani, shukrani ya punda mateke. Binadamu, punda. Hakuna aliyeniambia imekuja kutuonyesha utovu wa shukrani wa mwanamume, wala sijaona swali hilo kwenye karatasi ya mtihani. Yule wa jaani akikosea, wamekosea wanadamu. Mathilde akikosea, wamekosea wanawake. Hilo ndilo msichana wa dawati la nyuma alilokuwa ananiambia kwa kurasa mbili, na mimi nikaandika ametoka nje ya swali.

Jumamosi hii nitawapa kina mama hadithi nyingine kwa mara ya pili, kwa sababu wameidai. Ni ya Mary Wilkins Freeman wa Massachusetts, ilichapwa mwaka 1890, kuhusu Sarah Penn ambaye mumewe Adoniram alimwahidi nyumba walipooana. Miaka 40 imepita wako kwenye kijumba kile kile, binti anakaribia kuolewa na hakuna sebule ya kumpokelea mtu, na bwana anajenga banda jipya la mifugo, kubwa, zuri, pale pale palipoahidiwa nyumba. Sarah anamsihi. Bwana hana la kusema. Anasafiri kwenda kununua farasi, na huku nyuma mke anafungasha vyombo, kitanda, jiko, watoto, anahamia bandani. Mchungaji anakuja kumuonya, anarudi kama alivyokuja. Wanakijiji wanatoa cheti: wengine wanasema ameasi, wengine wanasema amerukwa na akili. Bwana anarudi, anakuta chakula kiko mezani, anakula, kisha anakaa mlangoni analia na kusema hakujua kwamba mkewe analitaka jambo lile kiasi hicho.

"Miaka 40 hakujua?" aliuliza yule wa dhahabu nilipoisimulia mara ya kwanza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mmoja ambaye nyumba yao ya Pongwe haijapauliwa tangu mtoto wa kwanza.

Nikawaambia pia kwamba mwaka 1917 Freeman mwenyewe aliikana hadithi yake jaridani, akasema haina ukweli, hajawahi kuwapo mwanamke wa namna hiyo kwao. Nilidhani itawavunja moyo. Yule wa Pongwe akasema taratibu, "Hakumwona tu."

Mjukuu wangu alifuta jibu lake la penseli. Sikumwandikia, nilimsomea hadithi mara moja kwa sauti, kama zamani, na nilipofika kwenye barua akanishika mkono. "Bibi, subiri. Nani anasema hapa, mume au mke?" Nikamwambia atazame mwenyewe. Akaandika ukurasa mmoja na nusu, akaninong'oneza mlangoni akivaa viatu, "Na nikipata mbili je?"

Nimemwambia aniletee daftari likisharudi. Leo ni Alhamisi, halijarudi bado.